Ukuta wa Watu Wawili

"Nyanyua miguu, mama," karani wa kampuni alimwambia Mama Pacha. Na Mama Pacha, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, fundi cherehani mwenye wateja wake wa kudumu, akanyanyua miguu yote miwili ndani ya sebule yake mwenyewe kama mtoto anayefagiliwa. Karani akagongagonga sakafu kwa fimbo, akatega sikio, akaandika kwenye faili lake. Halafu akatoka nje na kuchora namba 214 kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Nyumba ya jirani, iliyoshikana na hii kwa ukuta mmoja, ikapata 215.

"Sasa hii rangi inatoka kwa sabuni gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Haitoki," karani alisema. "Na wala hutahitaji itoke."

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mtaa mzima unahama, maana chini yake kuna jiwe la betri, na jiwe hilo linatakiwa na dunia. Kila nyumba italipwa. Ila baada ya miezi mitatu karani atarudi kukagua kwa mara ya mwisho, na nyumba itakayokutwa imechimbwa chini haitalipwa hata senti, na mwenyewe atapelekwa polisi. Kitanda ni chako, lakini jiwe lililo chini ya kitanda si lako. Watu waliuliza mara tatu tatu wakidhani wamesikia vibaya.

Kwenye mkutano uliofanyika uwanja wa shule, afisa wa kampuni, kijana mpole mwenye viatu visivyojua vumbi, alieleza kwamba dunia inaachana na moshi. Magari yatatembea kwa betri, umeme wa jua utahifadhiwa kwenye betri, watoto watavuta hewa safi. "Na ninyi," alisema, "ni sehemu ya safari hiyo."

"Safari ya wapi, mkubwa?" sauti ikatoka nyuma. "Maana naona wanaofunga mizigo ni sisi peke yetu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Aliyesema alikuwa Spoku, fundi baiskeli wa namba 215, baba wa mtoto mmoja aliyekuwa shule ya bweni, mtu ambaye hata msibani ungemkuta amewachekesha wafiwa. Pembeni yake alisimama jirani na rafiki yake wa miaka kumi na saba, mume wa Mama Pacha, mwashi. Huyu watu walimwita Pimamaji kwa sababu ya kile kifaa cha kupimia ukuta kama umenyooka, ambacho hakikutoka mfukoni mwake hata siku ya sikukuu. Ndiye aliyezijenga hizo nyumba mbili. Wakati ule hakuna kati yao aliyekuwa na tofali za kutosha, wakakubaliana wachangie ukuta mmoja wa katikati. Kila mmoja alipigilia misumari yake ya kutundikia nguo upande wake, na ukuta huo haukuwahi kuleta ugomvi.

Siku ya kujua malipo ni kiasi gani, Pimamaji alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu.

"Wametupa ngapi?" mkewe aliuliza.

Akamtajia. Mama Pacha akasimamisha cherehani.

"Hicho ni kiwanja bila nyumba, au nyumba bila kiwanja?"

"Ni kodi ya mwaka na nusu, mama. Kwenye chumba kimoja. Sisi na mapacha."

"Na baada ya mwaka na nusu?"

Pimamaji akainama kufungua kamba za viatu. Mabinti zao walikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijua vyumba vya kupanga, mlango unatazamana na mlango, wanaume wasiojulikana wanapita na taulo. Alikuwa amejenga nyumba za watu zaidi ya sitini kwa mikono hii. Alikuwa mtu wa haki, tena mwoga wa polisi kuliko wake kwa waume wote wa mtaa ule. Lakini maji yakizidi unga, hata mcha Mungu anaangalia chungu cha jirani. Yeye hakuangalia cha jirani. Aliangalia sakafu yake.

*

Walianza Jumatatu, wasichana wakiwa shuleni. Walisogeza kitanda cha chumbani, Pimamaji akakata sakafu kwa tindo kipande cha mraba, safi kabisa, ili baadaye akirudishie saruji pasijulikane. Chini alishuka kima cha mtu na nusu kabla ya kulikuta jiwe, jeusi lenye ubuluu kwa mbali, zito kuliko linavyoonekana. Akalikwangua kwa ukucha, akamrushia mkewe juu.

"Ndilo hili?" Mama Pacha akaligeuza geuza. "Wanatuhamisha kwa ajili ya hili? Mbona baya hivi?"

Tatizo lilikuwa kelele. Sururu ina sauti yake, huwezi kuidanganya. Mama Pacha akafungulia redio mpaka mwisho na kukanyaga cherehani kwa nguvu hata pale ambapo hapakuwa na nguo ya kushona. Na bahati iliwajia, au waliiona bahati: Spoku naye siku hizo alikuwa anagonga rimu kutwa nzima, nga, nga, nga, bila kupumzika. Pimamaji akawa anachimba jirani anapogonga na kupumzika jirani anapopumzika.

"Spoku kapata kazi nyingi, Mungu ni mkubwa," alisema siku moja akila, nywele zimejaa vumbi.

"Baiskeli za nani? Mimi sizioni hapo nje."

"Labda anazipeleka mjini."

Ukweli ni kwamba mwenye nyundo hakuwa Spoku. Alikuwa mkewe, amekaa kwenye kigoda, anagonga rimu moja mbovu iliyokwisha kuwa mstatili. Spoku alikuwa chini. Yeye alisubiri redio ya jirani ifunguliwe ndipo aanze, na mkewe alikuwa akimwambia, "Wale leo wana furaha gani tena? Hata wagonjwa hawapumziki." Basi ndivyo ilivyokuwa: watu waliokula sahani moja miaka kumi na saba, kila mmoja amejificha nyuma ya kelele za mwenzake.

Kwa nini hawakuambiana? Msiniulize mimi. Kila nyumba ilijua kwamba palikuwa na wasemaji, watu waliopewa soda na vocha za simu ili wapeleke majina. Mama Pacha aliwahi kusema, "Tumwambie tu Spoku, yule ni ndugu." Pimamaji akasema, "Spoku ni ndugu, lakini mdomo wake hauna mlango. Atalifanya kichekesho." Upande wa pili mke wa Spoku alisema neno lilelile, na Spoku akajibu, "Pimamaji? Yule akiulizwa na polisi jina lake tu, atataja na la kwangu."

Udongo nao ulihitaji uongo wake. Pimamaji alifyatua tofali uani, kazi isiyoshangaza kwa mwashi. Spoku alijaza viroba na kuvipanga mlangoni, akisema anazuia maji ya mvua. Siku moja Pimamaji alimsaidia kuvipanga. Alivinyoosha kwa pimamaji yake, na wakacheka.

Ilikuwa siku hiyo, wakiwa wamesimama uani na mikono imejaa udongo uleule, Spoku alipouliza.

"Fundi, hebu niambie. Ukuta kama huu wetu, ukitaka kuchimba shimo karibu yake, unaacha udongo kiasi gani?"

Pimamaji akaacha kupangusa mikono. Ameshajua huyu, alijisemea.

"Shimo la nini?"

"La takataka. Si unaona mifuko ya plastiki ilivyojaa?"

"Watu wanahama, wewe unachimba shimo la takataka?"

"Ukihama unaacha pachafu? Nijibu bwana, usiniweke kama mwanafunzi."

Pimamaji akataka yaishe haraka. Akajibu kama fundi, na jibu lenyewe lilikuwa sahihi, kwa sababu ndilo alilolitumia yeye mwenyewe. "Acha nusu hatua kutoka kwenye ukuta. Inatosha kabisa. Mradi upande wa pili ardhi ni nzima."

"Si ni nzima?" Spoku alisema, akimtazama usoni.

"Ni nzima," Pimamaji akajibu. "Kwa nini isiwe nzima?"

*

Jiwe lake Pimamaji aliliuza mbali, bohari ya nne kutoka mtaani, ili asikutane na mtu. Alilibeba kwenye ndoo za plasta, juu ameweka mchanga. Mnunuzi alikaa chini ya turubai na kidude chake kama bastola. Anakielekeza kwenye jiwe, kinatoa namba, namba anaiona yeye peke yake.

"Dhaifu," mnunuzi alisema.

"Wiki iliyopita lililotoka shimo hilohilo ulisema zuri."

"Shimo gani?"

Pimamaji akaangalia ndoo zake.

"Nimeuliza, mzee. Shimo gani? Una kibali?" Wapakiaji wakaanza kucheka. Mnunuzi akasubiri, anamtazama mtu anayeweza kumzaa, halafu akataja bei ambayo ni nusu. "Au urudi nalo. Zito, eh?"

Alichukua nusu. Akasema asante, tena mara mbili, na njiani kurudi alijichukia kwa ile asante ya pili. Hata hivyo fedha zilikuwa zinakua polepole ndani ya kasha la cherehani. Walikuwa wamekwisha kuona kiwanja, kidogo, chenye mteremko, lakini kina hati. Mapacha walipelekwa wakakiona wakadhani ni matembezi tu. Ilibaki safari moja ya bohari. Ukaguzi wa mwisho ulikuwa Ijumaa. Jumatano angefukia, Alhamisi angepiga saruji.

Jumanne asubuhi alitoka na ndoo mbili za mwisho.

*

Aliporudi aliukuta mtaa umejaa watu. Alisikia mayowe kabla ya kuona chochote, akazitambua sauti, akakimbia na ndoo tupu mikononi.

Nyumba yake ilikuwa imesimama. Ukuta wa katikati ulikuwa na ufa wa kupitisha ngumi. Upande wa Spoku sakafu ya sebule yote ilikuwa imezama, kabati, kigoda, rimu, vyote viko shimoni, na wanaume walikuwa wanatupa udongo kwa mabeleshi na mikono. Kila walipotoa beleshi moja, kingo zilimwaga mawili. Mke wa Spoku alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili.

"Yuko chini!" aliita alipomwona. "Shemeji, yuko chini! Alikuwa anachimba! Nisamehe, shemeji, hatukuwaambia!"

Anaomba msamaha! Mume yuko chini ya udongo, na yeye anaomba msamaha.

Pimamaji alielewa yote kwa mara moja. Nusu hatua yake, nusu hatua ya Spoku, na ukuta mzima juu yake. Akasema, "Nachukua beleshi," akaingia kwake.

Mama Pacha alikuwa chumbani, amekaa juu ya kitanda, na kitanda kiko juu ya shimo. Redio ilikuwa bado inaunguruma, hakuna aliyekumbuka kuizima. Pimamaji akasogeza kitanda na mkewe akiwa juu yake, akashuka. Chini ya ardhi kwake palikuwa pazima, hata mshumaa wake wa asubuhi ulikuwa umesimama pale alipouacha. Akaweka sikio kwenye udongo wa mwisho, ule wa kuelekea ukutani.

Ko, ko, ko. Chuma. Spana.

Akagonga kwa kokoto. Upande wa pili kukawa kimya, halafu spana ikajibu kwa haraka, nyingi nyingi, bila mpango. Haikuwa mbali. Pengine urefu wa mkono na kidogo.

Akapanda juu kuchukua sururu. "Yu hai," alisema. "Namfikia kutoka huku. Lakini peke yangu udongo utaniangukia, nahitaji watu na mbao za kuegemeza. Fungua mlango niwaite."

Mama Pacha hakufungua. Alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake haukuwa uso alioujua.

"Karani yuko nje," alisema. "Kaja na askari wawili. Faili liko mkononi."

"Mama Pacha."

"Watu arobaini wanachimba kule. Arobaini! Watamtoa sasa hivi. Ngoja kidogo tu. Wakishindwa ndipo useme."

"Anagonga!"

"Si anagonga? Basi ana pumzi. Baba, nisikilize. Ukifungua mlango huu, wanangu wanalala wapi? Niambie wanalala wapi, nitafungua mwenyewe."

Laiti angemsukuma. Alikuwa na nguvu ya kumsukuma, mtu anayebeba mifuko miwili ya saruji. Hakumsukuma. Na mimi sitamsingizia mkewe kwamba ndiye aliyemzuia, kwa sababu mkono wake ulikuwa juu ya kitasa tu. Pimamaji alisimama pale na sururu, anasikiliza watu arobaini upande mmoja na spana upande wa pili.

Redio ilikuwa kwenye taarifa ya habari. Msomaji alisema mataifa makubwa yamekutana na kukubaliana kwamba jiwe la betri lipatikane bila kukatika, kwa usalama wa vizazi vijavyo. Akasoma habari za mpira. Akasoma hali ya hewa. Yakaja matangazo ya dawa ya mswaki, kisha salamu za wasikilizaji, mtu wa kwanza akawasalimu wajomba zake wote kwa majina. Alipoanza mtu wa pili, Pimamaji aliinama juu ya shimo na kusikiliza, akasikia spana mara moja. Akasubiri nyingine. Ikaja, muda mrefu baada ya ile ya kwanza.

Mama Pacha ndiye aliyefungua mlango. Hata yeye aliisikia.

"Huku!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Njooni huku! Kuna shimo kwetu! Kwetu kuna shimo!"

Walikuja mbio. Karani pia alikuja, akasimama kwenye mlango wa chumba, akatazama sakafu iliyokatwa mraba, na watu walipokuwa wanapitisha mbao za kitanda kwenda chini, yeye alikuwa anaandika. Haikuwachukua muda. Hilo ndilo linaloumiza, haikuwachukua muda hata kidogo. Pimamaji alikuwa mbele. Alitoboa, akaingiza mkono, akashika bega, kisha shingo. Palikuwa pana joto, jasho halijakauka. Akaita, "Spoku. Spoku, bwana. Acha mzaha." Aliita hivyo mara nyingi, mpaka waliokuwa nyuma yake wakamvuta miguu.

*

Askari walimchukua kabla hajanawa mikono. Alilala mahabusu siku nne. Spoku akazikwa siku ya pili, na aliyemjengea kaburi alikuwa mwashi mwingine, akalipinda.

Namba 214 na 215 zilikatwa kwenye faili kwa mstari mmoja wa rula. Fedha za kwenye kasha la cherehani zilimtoa Pimamaji polisi, na zilizobaki zikalipia chumba, mlango unatazamana na mlango. Kuna waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe. Waacheni waseme. Wengi wao walikuwa na mashimo yao chini ya vitanda, walifukia usiku wa Alhamisi, na Ijumaa karani aligonga kwa fimbo akaridhika.

Wiki ya tatu mke wa Spoku alikuja kwenye hicho chumba. Amevaa nguo ya msiba, amekonda. Mama Pacha alimpa kiti pekee kilichokuwapo, akakaa chini. Pimamaji alibaki amesimama karibu na dirisha. Waliulizana afya kwa muda mrefu.

"Nina swali moja," mjane alisema. "Nimeshindwa kulala nalo. Watu wananiambia alikufa palepale udongo ulipodondoka. Wengine wanasema alikuwa anagonga. Mlikuwa karibu yake kuliko mtu yeyote. Aligonga?"

"Hakugonga, dada," Mama Pacha alisema haraka. "Alienda palepale. Hakujua hata..."

"Aligonga," Pimamaji alisema.

Mama Pacha akafunika uso kwa kanga.

"Muda gani, shemeji?"

"Taarifa ya habari nzima. Na salamu." Alitaka kueleza kuhusu karani, kuhusu mapacha, kuhusu watu arobaini, na maneno yote alikuwa ameyapanga mahabusu, lakini hayakutoka. "Nilimjibu. Anajua nilikuwapo. Alijua nilikuwapo."

Nje mtu alikuwa anafua na kuimba. Mwishowe mjane alisimama, akajifunga kanga vizuri, na Mama Pacha akasimama naye akidhani atapigwa, na nadhani alitaka apigwe. Hakupigwa.

"Mwanangu anarudi kutoka shule ya bweni Jumamosi," mjane alisema. "Atakuja kuwasalimia, maana hajui habari za kugonga. Nimemwambia baba yake hakuteseka. Atakuuliza wewe, shemeji, kwa sababu anasema baba yake alimwambia wewe husemi uongo."

Akafika mlangoni, akageuka.

"Hicho kimoja utanifanyia. Umdanganye."